Mambo ya Nyumbani: Utazame Mlima Kabla ya Kuuza Gunia



Leo tuzungumze habari za antena ya televisheni, maana katika vijiji vyetu vya Gairo fedha nyingi zapotea kwa jambo hili.

Mzee mmoja akaaye bondeni, upande wa milimani, aliuza magunia mawili ya mahindi. Akanunua king'amuzi, antena ya kuweka juu ya paa, na bomba la kuwa mlingoti. Wanawe wakapanda, wakaigeuza huku na huko mpaka jua likachwa. Wapi! Kioo kilikuwa cheusi. Mkewe akasema, "Baba watoto, mahindi yetu yamekwenda bure." Mzee akajibu, "Nitaongeza mlingoti." Akaongeza, mambo yakawa yale yale. Kosa halikuwa la mlingoti, bali la mlima.

Mawimbi ya televisheni yatokayo mnarani husafiri karibu kama mwanga wa taa: hupenda njia iliyo wazi. Nasi huku tunayo milima ya Ukaguru, yenye vilele vipitavyo mita 2,000. Kwa hiyo mtu wa Nongwe na mtu wa Chakwale wasinunue kwa kuigana. Tena, zamani mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga, lakini sura ya mtu uliitambua. Tangu 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, mambo yamegeuka. Katika dijitali picha huwa safi, au huganda na kukatika, au haipo kabisa.

Basi, kabla ya kutoa senti, mwulize mwuzaji: mnara wenu uko wapi? Kisha usimame nyumbani pako, uelekee huko. Ukiona mlima mbele yako, azima antena ya jirani ujaribu kwanza. Tena tazama mapaa ya majirani: antena zao zikielekea upande mmoja, hiyo ni dalili njema.

Ukipata mawimbi, weka antena hivi. Ncha yenye vijiti vifupi ielekee mnarani. Vijiti vilale au visimame, kama mawimbi ya mnara huo yalivyo. Jaribu namna zote mbili. Mmoja ageuze polepole, mwingine atazame kipimo cha king'amuzi. Waya usiwe mrefu bure, maana kila mita hupunguza nguvu. Na maungio yake yafungwe maji yasiingie. Upepo wa Gairo mwaujua, basi mlingoti ufungwe kwa nyaya pande tatu. Busta husaidia pale mawimbi yalipo machache. Pasipo na mawimbi haina la kukuza.

Mlima ukikuzuia kabisa, afadhali ungo, ambao wengi huuita dishi. Huo hautafuti mnara. Hutazama satelaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Kwa sisi wa Gairo, ungo wa Azam huelekea magharibi na kutazama juu sana, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Basi hata bondeni waweza kupata, ila usiuweke nyuma ya mwembe. Uliza pia malipo ya kila mwezi, yasije yakakushinda.

Neno la mwisho ni la uhai. Msisimamishe bomba la chuma karibu na nyaya za umeme. Likizigusa, laweza kuwaua walioshika. Wingu la radi likikaribia, chomoeni umeme na waya wa antena mapema. Radi ikisha kuanza, msiziguse nyaya hizo.

Mzee wetu sasa anao ungo, na jioni watoto hutazama habari pamoja naye. Lakini bomba lake lingali limesimama pale uani, na mama watoto huanikia nguo. Akilipita husema, "Hili ni gunia langu." Kuuliza si ujinga, ndugu zangu.

Tukijaliwa, tutaonana tena juma lijalo.