MKUFU MMEUKATA, FUNDISHO MMELIACHA

Leo sina neno fupi la asubuhi. Nimekaa na uchungu tangu Jumapili, na mke wangu ameniambia niandike niache kuzungukazunguka nyumba.

Zaidi ya watu kumi wamenitumia video moja. Mhubiri fulani, jina sitaji, amemsimamisha binti mbele ya madhabahu. Amemshika mkufu wa shanga nyeusi shingoni, akaukata kwa mkasi, shanga zikamwagika chini, na kanisa likalipuka kwa shangwe. Kosa la binti ni kwamba mkufu ule ni wa wake za watu kwenye sinema za Kihindi, kwa hiyo ameolewa na pepo. Binti analia. Hakuna aliyemwuliza kama anajua ameva nini.

Mimi nitawaambia ni nini, ingawa akina mama wa kanisa letu wanajua kunishinda. (Nimewahi kuongoza ushirika wa nyumbani mahali ambapo TV ilipunguzwa sauti tu, haikuzimwa. Macho ya watu niliyaona yalikokuwa.)

Ule mkufu unaitwa mangalsutra. Ni shanga nyeusi na dhahabu, na bwana arusi ndiye humfunga bibi arusi siku ya harusi. Kule kusini mwa India wanauita thali. Unga mwekundu unaopakwa pale nywele zinapogawanyika ni sindoor, na wengine hutumia kumkum, ndiyo hiyo mnayoisikia kwenye jina la Kumkum Bhagya. Kuna pete za vidole vya miguu. Kuna bangili, na kule Bengal mke huvaa nyeupe ya kombe la bahari pamoja na nyekundu. Si kila mke wa Kihindi anavaa vyote hivi kila siku, lakini kwenye tamthilia lazima avae, hata akiwa jikoni, hata akiwa amelala.

Sasa jiulize, kwa nini mkufu ukikatika kwenye kipindi radi hupiga na kamera hurudi kwenye uso wa mama mkwe mara tatu? Kwa nini sinia ya sindoor ikimwagika kila mtu hushika kifua? Ni kwa sababu ya imani iliyo nyuma yake: alama zile zinamlinda mume asife. Mmeiona ile siku ya Karva Chauth, mke hali wala hanywi maji kuanzia alfajiri mpaka mwezi utoke, halafu anautazama kupitia chekecheke, yote ili mume aishi miaka mingi. Na mume akifa, kwa desturi ya zamani sindoor inafutwa, bangili zinavunjwa, mama anavaa nyeupe na anakaa kando kwenye harusi za wengine asije akaleta mkosi.

Na kuna jambo lingine kwenye vipindi hivyo ambalo wahubiri wa mkasi hawalisemi. Mwanamume anamshika msichana kwa nguvu, anampaka sindoor, na hadithi inatuambia tayari ni mke wake! Hapo mama, zima TV, uongee na binti yako.

Kwa hiyo siwaambii mvae. Kwenye 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10 Paulo ametuonyesha kwamba sanamu si kitu, lakini dhamiri ya ndugu yako ni kitu. Yakobo alizika hereni chini ya mwaloni kule Shekemu. Gideoni alikusanya hereni za nyara, akatengeneza naivera, na nyumba yake ikanaswa nayo. Najua maandiko hayo. Lakini msome pia Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu hakuikemea pete ya pua ya Rebeka. Yeye ndiye aliyeileta!

Tena kule Kerala kuna Wakristo ambao kwa mapokeo yao walihubiriwa na Mtume Tomaso mwenyewe. Bwana arusi wao humfunga bibi arusi kidani kidogo chenye alama ya msalaba, na uzi wake unatolewa kwenye sari aliyomletea. Watu wamemwabudu Yesu hivyo karne nyingi kabla ya babu zetu kulisikia jina lake. Nenda huko na mkasi wako uone.

Lakini ninalotaka kusema hasa ni hili. Mkufu umekatwa, na lile fundisho la mkufu liko hai ndani ya makanisa yetu ya wokovu. Sisi tunalihubiri bila shanga.

Kuna mama alikuwa akikaa safu ya pili upande wa kulia. Mume wake alikufa kwa shinikizo la damu ambalo hakutaka kulitibu. Tulimzika Jumamosi. Jumapili, mama mmoja wa maombi akamwuliza hapo mlangoni: "Dada, ulikuwa unamfungia kweli?" Wiki hiyohiyo shemeji zake wakadai pete ya ndoa irudi kwao, halafu wakaanza kuulizia shamba. Hajarudi kanisani. Na huyo mama wa maombi alilitoa wapi swali lile? Alilitoa kwangu. Kwenye semina ya akina mama nilihubiri kwamba mke asiyekesha anamfungulia mauti mlango wa chumba cha mumewe. Nilipigiwa makofi. Waliandika kwenye daftari.

Wapendwa, hiyo ni Karva Chauth isiyo na mwezi. Nimetubu, na ninatubu tena hapa mbele yenu wote.

Mhubiri 8:8 linasema wazi kwamba hakuna mwanadamu mwenye mamlaka juu ya siku ya kufa. Abigaili alikimbia na punda na mikate ili nyumba ya Nabali isiangamizwe, na siku kama kumi baadaye Nabali akafa. Hakuna aliyemhoji kuhusu mfungo wake. Kumwombea mume ni vyema, na mume amwombee mke vilevile, lakini uhai wake haukuning'inizwa shingoni mwa mtu.

Sisi Wapentekoste tunapenda kusimulia Azusa Street, 1906. Mwaka mmoja kabla yake, 1905, Roho alishuka kule Mukti, Kedgaon, India. Mwenye nyumba ile alikuwa nani? Pandita Ramabai, mjane. Mume wake alikufa 1882 akimwachia mtoto mdogo wa kike. Mwaka 1889 alifungua nyumba ya wajane Bombay, wengine wasichana wadogo kabisa, waliohesabiwa kuwa mkosi kwa sababu waume zao walikufa. Wanawake ambao watu waliogopa hata kukutana nao asubuhi ndio walioangukiwa na moto. Hilo halipati nafasi kwenye mahubiri ya mkasi.

Na ninyi wanaume mnaoandika "Amen" chini ya ile video: pete yako iko wapi saa hii? Wengine iko kwenye gari, pale pa kuwekea sarafu. Kule kwenye tamthilia mume havai alama yoyote na hakuna radi inayopiga. Huku kwetu ni vivyo hivyo.

Ijumaa hii kesha ni la wanaume. Wake wote walale. Tutawaombea wake zetu kwa majina, wazima na wagonjwa, na asiye na mke atamwombea mama yake. Tunaanza saa tatu usiku, mje na maji.

Na wewe mama wa safu ya pili, najua binti yako hukusomea haya. Shemasi hajamweka mtu kwenye kiti chako. Mimi na mama mchungaji tutafika kwako Alhamisi mchana, tukiruhusiwa. Kuhusu shamba, yupo wakili hapa kanisani, amesema hati zote zitafutwe na asitie sahihi karatasi yoyote mtu kwa sasa.