KUOSHA MOTOKAA NI KAZI: NANI ATAILIPA?

Ndugu wafanya kazi,

Mmetuletea maneno mengi juu ya jambo moja, nalo ni kuosha motokaa. Wengine mtacheka. Mtasema: je, chama chetu kimekosa kazi hata kishughulike na ndoo na matambara, na huku mishahara haitoshi? Twawaomba msicheke mapema. Jambo hili limekwisha kutugawa hapa Migwani, na wafanya kazi wakigawanyika tajiri hulala usingizi mzuri.

Habari yenyewe ni hii. Barabara ya lami itokayo Kibwezi, ikapita Mutomo na mji wa Kitui, ikaja Kabati na Migwani mpaka Mbondoni, imetuletea magari mengi. Siku hizi twaona matatu, malori ya mchanga, Probox za abiria, na pikipiki zisizo na hesabu. Magari yakiwa mengi na waoshaji huwa wengi. Vijana wetu wamepata kibarua katika vituo vya kuoshea magari, penye tangi, pampu na mpira. Hulipwa kwa gari moja moja. Gari lisipokuja hawapati kitu. Tangi likikauka hawapati kitu pia, ijapokuwa wameshinda pale tangu asubuhi.

Basi wenye magari wengine wamepata shauri lao. Wanawaambia makanga na utingo: "Kwa nini nitoe fedha kituoni, na wewe unayo mikono? Ukimaliza safari ya mwisho teremsha gari kwenye silanga, lioshe, alfajiri nilikute linang'aa." Na mtu anayeambiwa hivyo ameamka saa kumi za usiku, amening'inia mlangoni kutwa nzima, amekula mara moja. Haongezwi hata senti moja. Akikataa, kesho nafasi yake ina mtu mwingine.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Vijana wa vituoni walikuja kwetu wakasema: "Makanga wanatunyang'anya chakula. Chama kipige marufuku kuosha gari nje ya kituo." Makanga nao wakajibu: "Vituo ni mali ya matajiri, na vinamaliza maji ya watu. Chama kipige marufuku mashine." Kila upande unataka chama kiwe chake. Na sisi wa halmashauri twakiri kosa letu. Mara ya kwanza tulisikiliza upande mmoja tu, tukasema hadharani kwamba mashine ndiyo adui. Tulisema upesi kuliko tulivyofikiri. Leo twaandika ili turekebishe.

JUU YA MAJI

Tuanze na maji, maana hapa kwetu kila neno huanza na maji. Hakuna aliyesahau ukame wa juzi, wakati mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022. Ng'ombe walikufa, na watoto waliacha masomo wakafuata mitungi. Mtu akisema juu ya maji katika Kitui, na aseme kwa hesabu, asiseme kwa hasira.

Hesabu ni hii. Mtungi mmoja ni lita 20. Mtu ajuaye kazi yake, mwenye ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, aweza kuosha gari dogo kwa mitungi miwili, yaani lita 40, na matatu kwa mitungi minne. Sasa tazameni mpira uliofunguliwa. Mpira wa kawaida hutoa lita 10 mpaka 20 kwa dakika moja. Ukiachwa wazi robo saa, na mwoshaji akizunguka gari huku akiongea, umekwenda na lita 150 mpaka 300. Punda wetu hubeba mitungi minne, yaani lita 80. Basi gari moja limekunywa mzigo wa punda wawili mpaka wanne, na maji yote yamekwenda mtaroni.

Lakini ile mashine ndogo ya presha, ambayo tuliitukana, hutoa karibu lita 8 mpaka 10 kwa dakika, na maji hukatika mara uachapo kubonyeza. Mtu akiitumia kwa akili dakika tano tu, na kazi nyingine akaifanya kwa ndoo na tambara, ametumia lita 40 mpaka 50. Hiyo ni karibu sawa na ndoo.

Kwa hiyo mwizi wa maji si mkono wala si mashine. Mwizi wa maji ni mpira ulioachwa wazi, na mpira huo huachwa wazi na mtu anayeharakishwa. Na kwa nini anaharakishwa? Kwa sababu analipwa kwa gari na si kwa siku. Neno la maji na neno la mshahara ni neno moja.

JUU YA SILANGA NA MTO

Ndugu makanga, sasa twawaambia ninyi, na msituchukie. Kuosha gari silangani au katika mchanga wa mto ni vibaya, hata kama ni tajiri aliyewatuma.

Mito yetu, kama Tiva na Tyaa, ni mito ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka haina maji juu, maji yamo ndani ya mchanga. Tangu miaka ya 1990 mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika Kitui, na wananchi wametoa nguvu zao kwa mwethya, wakibeba mawe na kuchanganya saruji. Ukuta hujengwa kukata mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie. Mama akichimba kisima hupata maji safi hata wakati wa kiangazi. Sasa wewe leta lori lako hapo, osha injini, mwaga oili na dizeli na sabuni. Utaona mchanga umekunywa yote, utafikiri pamesafika. Hapakusafika. Umeyaweka katika tangi la jirani yako, naye atayachota. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji namna hiyo, na siku askari atakapokuja hatamkamata mwenye gari aliyelala nyumbani kwake. Atakukamata wewe uliyeshika tambara.

Tena liko jambo la afya. Huko Kisumu, kwa miaka mingi, vijana waliingiza magari katika ukingo wa Ziwa Victoria wakayaosha huku wamesimama majini. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa KEMRI waliwapima, wakakuta wengi wana kichocho. Walitibiwa wakapona, wakarudi katika maji yale yale, na wengi wakaambukizwa tena. Kichocho hakichagui ziwa. Chatokana na konokono wa maji yaliyotulia, nacho huingia kwa ngozi pasipo mtu kusikia maumivu. Kadhalika Ukambani twakijua, kwa maana katika Machakos kilichunguzwa sana miaka ya 1980. Basi mtu asimamaye silangani mpaka magotini kila usiku, akiosha gari lisilo lake pasipo malipo, atoa jasho lake bure na mwili wake bure.

JUU YA "MAENDELEO"

Wako watu wasemao: "Mashine ndiyo maendeleo, ndoo ni mambo ya zamani." Maneno haya ni ya mtu auzaye mashine. Tazameni Uingereza. Kule mashine kubwa za brashi zilikuwapo katika vituo vya petroli kwa miaka mingi. Siku hizi kuosha kwa mikono kumerudi kwa wingi, na mwaka 2018 kamati ya Bunge lao iliandika kwamba huenda viko vituo vya mikono 10,000 mpaka 20,000, na ya kuwa katika vingine wafanya kazi, wengi wao wageni, wanatumikishwa vibaya na maji machafu yanamwagwa ovyo. Kwa nini mkono ulishinda mashine katika nchi ya mashine? Kwa sababu waliopatikana ni watu wa kulipwa kidogo kuliko gharama ya mashine. Tajiri hana mapenzi na mashine, wala hana mapenzi na mkono. Anapenda kilicho rahisi.

Lakini tazameni pia Marekani. Waoshaji wa magari wa Los Angeles, wengi wao wageni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, walidharauliwa sana, na wengine walifanyishwa kazi kwa bahashishi tu bila mshahara. Watu walisema hawa hawawezi kuwa na chama. Mwaka 2011 waoshaji wa kituo kimoja cha Santa Monica walipata mapatano ya kwanza yaliyotiwa sahihi, wakisaidiwa na chama cha wafanya kazi wa chuma. Mtu wa chuma na mtu wa tambara walisimama pamoja. Je, makanga na mwoshaji wa Migwani, wanaokula katika hoteli moja, washindwe?

JUU YA SHERIA

Tajiri husema: "Hawa si waajiriwa wangu, hawa ni vibarua." Basi na asome. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, hali njema za kazi, na kuingia katika chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku za kufuatana zikafika jumla ya mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Sheria hiyo hiyo yampa mtu siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamlazimu mwajiri kuwapa watu wafanyao kazi ya majimaji au ya dawa kali mavazi ya kujikinga, yaani glavu na viatu vinavyofaa. Twauliza: ni vijana wangapi wa vituoni wenye buti? Wengi tumewaona kwa macho yetu wakiwa na ndara, vidole vimeungua kwa sabuni ya injini.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo, ndugu, hatupigi marufuku mkono, wala hatupigi marufuku mashine. Twasema haya:

1. Kuosha gari la mwajiri ni kazi. Makanga au utingo akiambiwa aoshe, na alipwe kwa saa hizo, ama gari lipelekwe kituoni.

2. Hakuna gari la kuoshwa silangani, mtoni, wala karibu na bwawa la mchanga. Mwanachama akiagizwa hivyo akatae, na sisi sote tukatae pamoja naye. Akifukuzwa kwa sababu hiyo, hilo ni shauri la chama, si shauri lake peke yake.

3. Mwoshaji wa kituo apewe malipo ya siku yasiyopungua, na malipo ya gari yawe juu ya hayo. Siku tangi likikauka, naye amekuja kazini, asirudi mikono mitupu.

4. Kituo kitoe buti na glavu, kichimbe shimo la kutenga oili na tope, na kikinge maji ya mvua kutoka katika bati lake. Wakati wa kiangazi mpira ufungwe, ndoo itumike.

Wako watakaotuuliza: "Na yule mtu mwenye Probox moja, aliyeinunua kwa mkopo wa sacco, naye ni tajiri?" Hapana. Mtu akiosha gari lake mwenyewe, kwa ndoo yake, nyumbani kwake, hatuna neno naye, na mikono yake ibarikiwe. Lakini mara ampapo mwingine lile tambara, amekuwa mwajiri, hata kama gari ni moja, na deni la sacco halilipwi kwa usiku wa makanga.

Kwa vijana wa vituoni twasema: makanga si adui yenu. Angependa kulala usiku kuliko kuchukua kazi yenu. Kwa makanga twasema: siku mtakapokataa kuosha bure, kituo kitapata magari, na kijana yule atapata unga. Na kijana yule akipata malipo ya siku, hatakuwa tayari kuchukua nafasi yako mlangoni kwa bei ya chini. Kila mmoja ameshika kamba ya mwenzake.

Twawaomba wote, wa mlangoni na wa tangini, mje katika mkutano ujao, mkae benchi moja, wala msikae pande mbili kama mara iliyopita. Leteni hesabu zenu: saa mlizoosha bure, na siku mlizoshinda kituoni mkarudi bila kitu. Tajiri akitaka kusema nasi, tutamjibu kwa hesabu hizo.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni sisi wenzenu wa halmashauri,
MIGWANI.