Nani Kawaambia Mkongo Anataka Kususiwa?

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alisimama madhabahuni akainua simu yake juu, simu ambayo bei yake inanunua bodaboda, akatuambia kuwa kila simu tuliyoshika ina damu ya Kongo. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Kisha akatutajia dawa: Mkristo wa kweli asinunue kitu chenye madini ya Kongo. Kanisa zima likapiga makofi. Ibada yenyewe ilikuwa ikirushwa mubashara, kwa simu.

Nimeichoka imani hii. Nimeisikia kwa wanaharakati, kwa wanafunzi wa vyuo, sasa imepanda hadi mimbarani: kwamba ukimsusia Mkongo, umemwokoa. Umemwokoa kutoka wapi? Mtu wa Kivu anayelisha watoto wake kwa sururu na karai, ukiacha kununua mzigo wake, jioni watakula toba yako?

Na dawa hii si mpya. Ilishajaribiwa, na mgonjwa akazidiwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaseme kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu yanavyotumia vinatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, Tanzania ikiwamo, kama mhubiri hana habari. Sheria haikukataza kununua, ilitaka maelezo tu. Lakini kueleza kuna kazi na gharama, kukimbia ni bure, kwa hiyo wanunuzi wengi wakakimbia. Septemba mwaka huohuo Rais Kabila wa Kongo naye akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo wakakosa kazi, na madini yaliyoendelea kutoka yakapita njia za panya. Mwaka 2014 wataalamu zaidi ya 70, Wakongo wakiwamo, wakatia saini barua ya wazi kulalamikia madhara ya mkumbo ule. Na bunduki? Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, Kivu Kaskazini, kwenye machimbo makubwa ya koltani, mawe yanayotoa tantali. Kususa hakukumnyang'anya mtu hata risasi moja.

Sasa mtazameni Mholanzi mmoja, Bas van Abel. Huyu ni mbunifu wa Amsterdam, hakuwa mfanyabiashara wa simu. Mwaka 2010 alianza na kampeni kuhusu madini ya vita, kampeni kama nyingine zote. Tofauti yake ni kwamba hakuishia kwenye mabango. Mwaka 2013 akaigeuza kuwa kampuni, Fairphone, akawaomba watu walipie simu ambayo bado haijatengenezwa. Alihitaji wateja 5,000. Simu 25,000 za kwanza zikaisha, kila moja euro 325. Hiyo si sadaka, ni mauzo.

Tena badala ya kuikwepa Kongo, aliifuata. Bati lilitafutwa Kalimbi, pale Nyabibwe, Kivu Kusini, kwa mpango ulioanza 2012 ambamo magunia yalifungwa kwa lebo tangu machimboni ili mzigo ufuatiliwe hadi kiwandani. Wakati wenzake wanajitapa kuwa hawaingii huko, yeye alijitapa kuwa ananunua huko. Kampuni yenyewe inakiri kwamba simu yenye haki asilimia mia moja haipo. Kwangu mimi kukiri huko kuna uzito kuliko makofi ya kanisa zima.

Kijana mmoja baada ya ibada alinijibu kwa ushindi: yeye ameshaacha simujanja, sasa anatumia kitochi, mikono yake ni safi. Mdogo wangu, hicho kitochi kimeunganishwa kwa hewa? Ukikifungua utakuta saketi imelehemiwa, na sehemu kubwa ya lehemu hiyo ni bati. Umepunguza picha za WhatsApp tu, hujapunguza dhambi.

Na tukiwa kwenye kufungua simu, niseme jingine linalonikera. Fairphone 2 ya mwaka 2015 ilitengenezwa ili mwenyewe uivue betri na kioo ukiwa nyumbani, na programu zake ziliendelea kuhuishwa hadi 2023. Yangu mimi betri imegandishwa kwa gundi. Nilipoipeleka Mtaa wa Aggrey, fundi aliigeuzageuza, akanirudishia: "Bosi, hii ukiifungua unaiua, chukua nyingine." Fundi wa Kariakoo anayefufua redio zilizozama mafurikoni anashindwa na gundi! Mimbari zetu zingekemea gundi hiyo, ningetoa sadaka mara mbili. Lakini gundi haina damu, haitoi machozi, kwa hiyo haina mahubiri.

Watasema anayenunua anawalipa waasi. Anayenunua bila kuuliza, ndiyo. Ndiyo maana wengine wakahangaika na lebo na magunia, kazi isiyopigiwa makofi.

Mwaka 2017 sisi wenyewe tulipopandisha hasira za makinikia, ule mchanga wenye dhahabu uliokuwa ukipelekwa nje, hakuna Mtanzania aliyesema dawa ni dunia iache kuvaa dhahabu yetu. Angesema, tungemzomea. Tulitaka makontena yafunguliwe, hesabu ipigwe upya, tulipwe chetu. Mchimbaji wa Nyabibwe naye anataka mnunuzi mwenye mizani isiyochakachuliwa. Na Kiswahili anakijua vizuri, tungeweza kumuuliza.