Itazameni Karatasi ya Mshahara

Siku moja mama mmoja wa Igoma alitujia na bahasha. Mumewe ni mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, na mashine ilikuwa imemkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Mama huyo hakuja kulia. Alikuja na fomu za fidia asizozielewa.

Tulizitandaza mezani tukasoma pamoja. Jina sawa, tarehe ya ajali sawa. Tulipofika penye mshahara wa mwezi tukakuta shilingi 260,000.

“Jamani, mbona baba watoto huleta laki nne?”

Kumbe 140,000 alikuwa akipewa mkononi, nje ya vitabu. Mume alijua na alifurahi, maana hakukatwa kodi. Hebu tupige hesabu ya furaha hiyo. Kwa viwango vya PAYE vya tangu mwaka 2021, mshahara wa 400,000, ukiisha kutoa asilimia 10 ya NSSF, hukatwa kodi ya shilingi 7,200 tu. Huo ndio “msaada” aliopata kwa mwezi. Sasa yuko nyumbani mkono umefungwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) humlipa aliye katika ulemavu wa muda asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Asilimia 70 ya laki nne ni 280,000. Ya mshahara ulioandikwa ni 182,000. Tofauti ni 98,000 kila mwezi, na mwenye nyumba hapunguzi kodi yake kwa sababu baba ameumia.

Wala haiishii hapo. Jeraha likishapona, daktari hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Yote mawili hukokotolewa kwa mshahara uleule.

Wengine huogopa kudai wakidhani ni kumwomba tajiri sadaka. Sivyo. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mkiona kwenye karatasi ya mshahara makato yaliyoandikwa WCF, ulizeni, kwa kuwa mfanyakazi hapaswi kukatwa hata senti.

Tulimshauri mama wa Igoma waende wote wawili kwa mwajiri kabla ya mume kutia sahihi. Siku hizi fomu nyingi hujazwa na mwajiri kwa kompyuta, nanyi msipoomba nakala hamtajua kilichoandikwa. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu apate habari, na madai yenyewe yafike ndani ya miezi 12. Kwa hiyo msiseme, “Tungoje mkono upone kwanza.” Tena taarifa ya daktari na karatasi za mshahara zisikae chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki za watoto, tumeziona zikilowa mvua ya masika.

Mume alisita kwenda. Alihofu kuonekana mkorofi na kukosa kazi akipona, na hofu hiyo hatuicheki. Lakini mkewe alikuwa na daftari la matumizi, na kila mwisho wa mwezi kwa miaka miwili ameandika humo, kwa kalamu ya risasi, “Baba kaleta 400,000.” Walikwenda nalo. Mhasibu alilifunua kimya ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaomba ile fomu irudishwe mezani kwake.