Feza Zetu: Mpangaji akikataa kufungua mlango

Wamama wapenzi, juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Kasongo:

"Kikundi chetu kimeweka akiba miaka minne ili tununue magazini karibu na soko, tuweke mpunga na mafuta ya mawese yanayotoka njia ya Kabambare. Bei tumepatana. Lakini mpangaji aliye ndani hataki tuingie. Tumekwenda mara tatu, kila mara tunakuta kufuli. Mwenye nyumba anasema: lipeni tu, nitamfukuza. Tufanye nini?"

Mama, msilipe bado. Bati linalovuja, ukuta uliopasuka, mchwa kwenye mbao, vyote hujificha nyuma ya kufuli hilo.

Lakini mpangaji si adui. Mara nyingi anaogopa kutupwa nje na bidhaa zake, na kupoteza garanti aliyomwachia mwenye nyumba. Wengi wetu tunauza katika vyumba vya kupanga. Hofu hiyo tunaijua.

Tena sheria inamlinda. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA, pamoja na nchi nyingine za Afrika. Zinasema kwamba nyumba ya biashara ikiuzwa, mkataba wa kupanga haufi: anayenunua anashika nafasi ya mwenye nyumba wa zamani. Hata mkataba wa mdomo ni mkataba. Kama haukuwekewa mwisho, anayetaka kuuvunja lazima atoe taarifa miezi 6 mbele. Basi anayewaambia "lipeni, nitamfukuza" anawauzia nyumba pamoja na ugomvi wake.

Fanyeni hivi:

1. Mwenye nyumba awapeleke yeye mwenyewe. Nendeni watu wawili au watatu, si kikundi kizima, na msiende siku ya soko.

2. Mwulizeni mpangaji analipa kiasi gani, amelipa mpaka mwezi gani, na garanti yake ni kiasi gani. Andikeni, yeye na mwenye nyumba watie sahihi. Garanti hiyo ipunguzwe kwenye bei, ili siku ya kuirudisha isitoke mfukoni mwenu.

3. Mwambieni wazi kama atabaki, au mnahitaji chumba na lini. Anayejua kesho yake hufungua mlango.

4. Mkitoa avansi, karatasi iseme: feza iliyobaki italipwa tukiisha kuona vyumba vyote, tusipofunguliwa kufikia tarehe tuliyoandika, avansi inarudi.

Najua kuchelewa kunauma, hasa mpunga ukiwa umelala nyumbani kwa watu. Lakini afadhali kungoja miezi miwili kuliko kupoteza jasho la miaka minne.

Wamama wa vikundi vingine, someni barua hii kwenye mkutano wenu kabla sanduku halijafunguliwa. Tuonane juma lijalo.