Risasi ya 1950

Kila tukifika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwenye semina zetu za uzamili, hakosi mtu wa kusema: Stalin alikuwa mkatili, sawa, lakini bila ukali ule Hitler asingeshindwa. Husemwa kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mimi hoja hiyo siimezi, na sababu yangu ni Pavel Ponedelin.

Ponedelin alikuwa meja jenerali, kamanda wa Jeshi la 12 la Umoja wa Kisovyeti. Mwanzoni mwa Agosti 1941 jeshi lake, pamoja na Jeshi la 6, lilizingirwa karibu na Uman, Ukraine. Wajerumani walitangaza kwamba wameteka askari zaidi ya 100,000, na Ponedelin alikuwa miongoni mwao. Wakampiga picha, wakaitia kwenye vipeperushi vya kuwashawishi askari wengine wajisalimishe.

Tarehe 16 Agosti ikatoka Amri Namba 270, yenye sahihi ya Stalin. Kamanda anayejisalimisha ni mtoro na familia yake ikamatwe. Askari wa kawaida akijisalimisha, familia yake inyimwe msaada wa serikali. Ilitaja majenerali watatu kwa majina: Ponedelin, Kirillov na Kachalov. Huyo Kachalov alikuwa ameuawa vitani tangu tarehe 4. Maiti akaitwa mtoro!

Mke wa Ponedelin na baba yake wakakamatwa. Yeye akahukumiwa kifo angali mikononi mwa Wajerumani, ambako alikaa karibu miaka minne bila kukubali kuwatumikia. Wamarekani walimkomboa 1945, akarudi kwao. Desemba akatiwa ndani, na tarehe 25 Agosti 1950 akapigwa risasi.

1950! Hitler ana miaka mitano tangu afe. Naomba mwenzangu wa semina aniambie risasi ile ilisaidia kushinda vita gani.

Najua jibu lake: mwaka 1941 hofu ilihitajika. Haya, tuipime. Amri ilikuwa imeshasomwa katika kila kombania, na Septemba hiyohiyo Wajerumani wakadai mateka zaidi ya 600,000 karibu na Kyiv, ambako Stalin mwenyewe alikawia mno kuruhusu majeshi yaondoke. Hofu haimtoi askari kwenye mzingiro uliosababishwa na bosi wake.

Tena mtazameni Muzychenko, kamanda wa lile Jeshi la 6. Alitekwa hukohuko Uman, siku zilezile. Aliporudi alichunguzwa, akarejeshwa jeshini. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba jina lake halikuwa kwenye Amri Namba 270. La Ponedelin lilikuwamo, na aliyetia sahihi alikuwa hajawahi kukosea.

Stalin alikufa Machi 1953. Kachalov alisafishwa jina mwaka huohuo, Ponedelin 1956.