Kijana wa kompyuta naye ana baba

BARAZA LA ALHAMISI
Na Bakari Athmani Shebwana

Jumamosi tulikuwa Barani, hapa Malindi, kwenye hitima ya mzee mmoja wa mtaa, Mungu amrehemu. Turubali limefungwa kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye mkungu, majamvi yametandikwa, juzuu zimeshagawiwa, harufu ya pilau inatoka uani. Mwanawe wa kwanza, kijana anayeshughulikia kompyuta za hoteli moja ya ufuoni, alikuwa ameketi karibu na mlango akipokea mikono ya watu. Mie niliketi jamvi la pili kutoka kwake, ndiyo maana niliyaona yote, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Simu ilianza kutetema mfukoni mwa kanzu yake kabla kisomo hakijafika nusu. Akaikata bila kuitazama. Ikatetema tena, akaikata tena. Mara nikamwona ami yake, aliyekuwa akigawa maji, ameweka simu yake mwenyewe sikioni kwa uso wa mtu asiyejua anaongea na nani. Aliyepiga ni meneja wa hoteli. Nambari ya huyo ami aliitoa kwenye faili la kijana, pale mfanyakazi anapoandika jamaa wa kujulishwa yeye akipata ajali au akifa. Kijana alipoiandika nambari ile alikuwa akifikiria mauti yake mwenyewe. Meneja akaitumia kumtoa kwenye msiba wa babake.

Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nao ulitosha. "Ndiyo, bosi. Niko hitimani, bosi. Ya baba. Hebu mtu aende kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi, atazame kama taa za kijani zinawaka." Akanyamaza kusikiliza. "Hakuna mtu hata mmoja?" Akasikiliza tena. "Haya, nakuja." Akambusu ami yake mkono, akapanda bodaboda na kanzu yake nyeupe, akaenda.

Alirudi dua imeshaombwa, watu wananawa mikono. Nikamuuliza kilichoharibika ni nini. Hakuna kilichoharibika. Mtu alikuwa amechomoa waya wa umeme wa ile swichi inayogawa intaneti hoteli nzima, apate tundu la kuchomeka birika. Maji yakachemka, chai ikanywewa, waya ukaachwa sakafuni. Kijana aliingia, akainama, akauchomeka, taa zikawaka, akatoka.

Wanabaraza wangu mnajua sipendi kuzungusha maneno. Ile ni dhuluma, na aliyeifanya ni mwajiri. Mwenye birika namsamehe, chai ni chai. Lakini hoteli yenye wageni kutoka Milano na Nairobi, yenye bustani inayomwagiwa maji asubuhi na jioni, inakuwaje na mtu mmoja tu duniani anayejua waya upi unaingia wapi? Walinzi wa lango wana zamu. Wapishi wana zamu. Hata anayechuja maji ya bwawa la kuogelea ana wa kumpokea. Kijana wa kompyuta peke yake ndiye hana wa kumpokea, na kwa kuwa hana, siku zote saba ni zake, na nyusiku zake pia.

Sikumaliza kuwaza hayo sahani zikawekwa. Tonge la kwanza halijafika mdomoni mwa kijana, jamaa aliyeketi mbele yake akamnyooshea simu juu ya sinia. "Mwanangu, hebu nitazamie hii, imekataa kupokea picha." Kijana akafuta vidole, akaichukua, akaanza kufuta video za salamu za asubuhi zilizokuwa zimeijaza simu ile. Hitima ya babake! Yule jamaa ni mtu mwema na namheshimu, wala hakuona kosa. Hilo ndilo linalonikera. Ofisi imemchukua akiwa nyumbani, na nyumba nayo, kabla hajashusha pumzi, imemfanya ofisi.

Ndipo mzee mmoja ninayekunywa naye kahawa chungu barazani akatoa kauli. "Kazi gani hiyo, yakhe? Kazi ya kitako. Kitako na kiyoyozi."

Nilimjibu palepale, na nitajibu tena hapa, maana kauli hiyo naisikia kuanzia Mtwapa hadi Mambrui. Kiyoyozi kiko pale kwa ajili ya mashine, zisiive. Chumba chenyewe mara nyingi ni stoo waliyoipunguza mapipa ya rangi. Pwani yetu hii hewa ina chumvi, na chumvi hiyo inakula kila kichwa cha waya: shaba inageuka kijani, skrubu zinaota kutu, kifaa ambacho Nairobi kingedumu miaka hapa kinakohoa mapema. Mjusi anaingia ndani ya kompyuta kutafuta joto, anagusa pasipoguswa, anafia humo na kuiua pamoja naye. Stima inakatika, inarudi kwa kishindo, jenereta inaitikia, na katika ule mpigo mmoja kati ya kukatika na kuitikia ndipo vifaa vinapoungua. Mwenye kushika tochi kwa meno saa saba ya usiku, mkono mmoja ndani ya kabati la chuma, ni huyu wa kitako.

Na anachokishika si intaneti ya mgeni kutazamia mpira tu. Kadi zinazofungua milango ya vyumba zinapita hapo. Oda ya jikoni, mashine ya malipo, kamera za ukutani, simu za vyumbani, risiti za kodi za eTIMS ambazo bila hizo mhasibu hana la kuwasilisha. Vyote hivyo vikitembea hakuna anayemkumbuka. Siku kimoja kikisimama anaulizwa, tena kwa sauti ya juu, kwamba analipwa kufanya nini. Wenye mali wa huku wanahesabu kinachoonekana kikifanyika. Bustani ikikatwa inaonekana imekatwa. Mfumo usiovunjika hauna picha, basi wanaamini hauna mtu.

Mkunga naye huamshwa usiku wa manane, wala hakuna mkunga mwenye haki anayelalamikia hilo. Lakini mkunga anapotoka anapokewa kwa dua na heshima, na hakuna anayemwita katikati ya msiba wake kuja kufungua dirisha.

Yule mzee wa kahawa ana umri wa kuikumbuka Ngomeni ilipokuwa ikinguruma, na hilo nalo nilimwambia. Katika miaka ya sitini Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini nje ya Ngomeni: moja la kurushia roketi, jingine la watu wa kuiongoza, na nyaya zikapitishwa kati yao. Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, siku ambayo Kenya ilipata uhuru, wakaiita Uhuru. Mwanasayansi aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Mchango mmoja mkubwa katika elimu ya nyota ulianzia mwendo mfupi kaskazini mwa mji wetu, na waliouwezesha, siku ya kuruka, walikuwa wameketi kitako mbele ya mitambo wakisoma nambari. Sijapata kumsikia mtu wa Malindi akisema wale hawakuwa kazini. Inaelekea kitako cha mgeni ni kazi, na kitako cha mtoto wa Barani ni uvivu.

Hata makosa ya mbali wanabebeshwa hawa vijana wa kompyuta. Intaneti tunayotumia huku inapanda nchi kavu Mombasa, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka uliokuja. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali isiporuhusiwa pale Mombasa na nanga ikaukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu huko kusini, karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Waya umekatika maelfu ya kilomita kutoka hapa, ndani ya maji, meli ya kuutengeneza bado haijang'oa nanga, na katika maduka na ofisi za pwani hii vijana wakaulizwa kwa nini hawajawasha upya ile rauta. Kijana mmoja wa Watamu aliniambia aliiwasha upya, tena na tena, akijua haisaidii, ili bosi amwone ameinama.

Ningeishia kwa waajiri kama nyumbani tungekuwa wasafi. Hatuko.

Kilifi, upande wa Mnarani, namjua binti anayefanya kazi ya kuandika programu za kampuni ya Marekani akiwa chumbani kwao. Amesoma, ana bidii, na ndiye anayelipa karo ya ndugu zake. Wenzake wako California. Saa tatu asubuhi kwao ni saa moja usiku kwetu, na wakiingia majira ya baridi inakuwa saa mbili. Wanapofunga kazi jioni yao, kwetu kumekaribia adhana ya alfajiri. Basi binti analala asubuhi, kama anavyolala mchana muuguzi aliyekesha wodini. Tofauti ni kwamba muuguzi ana sare na mtaa umemwona akitoka. Huyu hakuna aliyemwona akienda popote. Saa nne ya asubuhi mlango unagongwa: nazi ikunwe, mtoto apelekwe kliniki, mgeni amefika toka Takaungu na binti mkubwa amelala, aibu gani hii. Shangazi yake ameshawaambia majirani kwamba mtoto amekuwa mvivu, na mbaya zaidi, kwamba anaongea na wanaume usiku kwenye kompyuta. Anaongea nao, ndiyo. Wanajadili kwa nini malipo ya mteja hayakupita.

Kaka yake naye yuko nyumbani, hana kazi. Hagongewi mlango.

Niliongea na mamake binti huyo, kwa adabu, kwa kuwa ni mtu tunayeheshimiana. Aliniambia, "Bwana Bakari, mie nikimwona mtu yuko nyumbani najua yuko nyumbani." Nilimwomba jambo moja, akae naye usiku mmoja hadi mwisho. Bado hajakaa. Nami nitaendelea kumwomba, kwa sababu mtoto anayelala vipande vipande mwaka mzima atavunjika, na akivunjika hata hiyo karo itasimama.

Wale wanaosema sheria imenyamaza, waisome. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja kamili ya mapumziko katika kila siku saba. Inasema mfanyakazi. Mwenye kompyuta hakutolewa. Likizo ya msiba ndiyo haimo humo, imeachiwa mikataba, na aibu hiyo iko Bungeni. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kumlinda mfanyakazi asiyepokea simu ya kazi nje ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri likaupinga, likisema utaumiza biashara. Ufaransa ina sheria ya namna hiyo tangu Januari 2017, na hoteli za Ufaransa bado zina wageni.

Wenye hoteli, wenye zahanati, wenye shule za kulala na maduka makubwa ya huku, nawaambia nyinyi moja kwa moja, maana najua safu hii inasomwa ofisini kwenu. Kaskazi ikianza kuvuma msimu wa wageni hurudi. Ajirini mtu wa pili. Wapo, Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo hapo Kilifi na kinawatoa kila mwaka, wengine wao wanauza kadi za simu. Mlipeni kijana usiku anaoamshwa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, na siku yake ya mapumziko muiandike ukutani mwa mapokezi. Mfundisheni angalau mtu mmoja wa kila zamu kuangalia taa za kijani na kuchomeka waya. Nambari ya jamaa wa mfanyakazi iacheni ifanye kazi iliyoandikiwa. Na kama mshahara wa mtu wa pili ni mzito mno kwa hoteli yenye mabwawa mawili ya kuogelea, basi mwenye hoteli na ajifunze mwenyewe, iandikwe nambari yake yeye pale mapokezi, na saa nane ya usiku apigiwe yeye.